Kabla Hujafungua Chupa ya Rangi: kwa anayeanza kupaka viatu vya ngozi

Vijana wengi wanaotaka kujifunza kazi hii hapa Arusha huanza kwa kuuliza rangi inauzwa wapi. Swali ni zuri, ila si la kwanza. Rangi ya bei mbaya ikipakwa juu ya kiwi kilichogandamana miaka na miaka itaanza kubanduka kabla mteja hajamaliza wiki. Rangi ya kawaida tu, ikikuta ngozi iliyosafishwa ikaiva, itashika mpaka soli ndiyo itangulie kuchoka. Kazi yetu kubwa inafanyika kabla chupa haijafunguliwa, na huko ndiko nitakakokaa sana, maana huko ndiko wengi wanakopita mbio.

Elewa kwanza unashika nini mkononi. Kiatu cha ngozi kikitoka kiwandani, juu ya rangi yake kuna utando mwembamba wa kinga, ule unaofanya tone la maji liteleze. Juu ya utando huo mwenye kiatu ameongeza ya kwake: kiwi, mafuta ya mgando siku kiwi kilipoisha, na zile sponji za kung'arisha chapuchapu mlangoni, ambazo nyingi zina silikoni. Rangi tunayotumia sisi ni ya maji, jamii ya akriliki, na inataka kushikana na nyuzi za ngozi yenyewe. Ikikuta nta au silikoni itakaa juu tu, na siku mguu ukikunja kiatu, inaachia.

Kwa hiyo kagua kabla hujasema ndiyo. Angalia sehemu ngozi ilipokatwa, pale mdomoni mwa kiatu au kwenye matundu ya kamba. Ngozi halisi utaona nyuzinyuzi zilizoshonana. Rexin, yaani ngozi ya bandia, utaona kitambaa upande wa ndani na utando wa plastiki kwa juu. Rexin iliyoanza kutoka magamba usiipokee, hata mteja akibembeleza vipi. Pale hakuna tatizo la rangi, ni plastiki yenyewe imekufa, na utakachopaka kitaanguka pamoja nayo. Buti za watembeza watalii nazo zina mambo yake: nyingi ni ngozi iliyonyweshwa mafuta ili isipitishe maji, na rangi haikai juu ya mafuta. Mwambie kaka wa watu ukweli, msafishie, mpake mafuta yanayofaa, mwachane kwa heri. Ngozi ya manyoyamanyoya, ile laini kama kitambaa, ukiipaka rangi ya juu inakakamaa na uzuri wake unapotea, kwa hiyo iache mpaka uive.

Kwa ngozi iliyobaki, dondosha tone la maji. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi na itakunywa rangi. Likisimama kama shanga, bado kuna kinga juu, na una kazi.

Sasa usafishaji. Toa kamba. Piga vumbi kwa brashi kavu, hasa pale ngozi inapokutana na soli, maana vumbi letu la Arusha hujificha humo na baadaye hurudi kwenye brashi yako ya rangi. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni isiyo kali, kwenye mishono tumia mswaki wa zamani. Usiloweshe kiatu. Weka kivulini kikauke kabisa. Ukikipeleka juani au karibu na jiko, ngozi inakakamaa na kupasuka. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, utaletewa viatu vilivyolala chini ya kitanda vikaota ukungu mweupe. Hivyo vifute nje ya kibanda, kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na uviache vikauke kabla ya lolote.

Kinachofuata ni kuvua kinga kwa asetoni. Ipo kwenye maduka ya vipodozi kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, lakini soma chupa: kuna zisizo na asetoni kabisa, na kuna zilizotiwa mafuta ili zisikaushe kucha. Zote hizo hazitufai. Wapo pia watengenezaji wanaouza dawa maalumu ya kuvulia kinga ya ngozi. Ukiipata na mfuko ukiruhusu, itumie. Lowanisha pamba, ikamue, kisha pitisha kwa duara ndogondogo, sehemu moja baada ya nyingine.

Hapa inabidi utulie na uangalie pamba yako. Tuseme ni moka ya kahawia ya mwalimu. Pamba ya kwanza itatoka karibu nyeusi na itanata kidogo; hiyo ni nta na uchafu. Zinazofuata zitakuwa kahawia iliyofifia na hazinati tena; hapo umefika kwenye rangi ya kiwandani. Kiatu kitaanza kuonekana kibaya, kimepauka, kina mabaka, hakina mng'ao hata kidogo. Kidole kikipita juu yake hakitelezi kama kwanza, kinakwama kidogo. Wanaoanza huogopa wakifika hapo na kuacha, kumbe ndipo penyewe. Rudia tone la maji: likianza kuzama taratibu, umemaliza sehemu hiyo. Usisahau mikunjo ya juu ya vidole. Ndipo kiwi kinapojaa zaidi, ndipo kiatu kinapokunjwa kila hatua, na rangi ikibanduka huanzia hapo. Ifungue mikunjo kwa vidole vya mkono mmoja, pamba ipite ndani kwa mkono mwingine.

Asetoni inawaka moto upesi sana. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko na mwenye sigara, na funga chupa kila unapomaliza kuchovya. Vaa glavu. Isiguse soli za plastiki wala rexin, kwa sababu inaziyeyusha. Viatu vingi vina ngozi mbele na rexin pembeni au kisigino. Ziba kwanza sehemu hizo kwa tepu ya karatasi.

Kama kuna mikwaruzo, lainisha kwa msasa mwembamba, namba 400 kisha 600, kwa mkono mwepesi. Nyufa ndogo zina dawa yake ya kujazia inayokunjika pamoja na ngozi. Puti ya mbao usiiguse; inakauka ngumu na inapasuka siku ya kwanza ya kuvaliwa. Nyufa zilizopita mpaka ndani ni za fundi mshonaji, rangi haizizibi.

Jaza kiatu karatasi mpaka mikunjo inyooke, ili rangi ifike kwenye mabonde yake na si kwenye vilima tu. Karatasi iwe nyeupe, maana wino wa gazeti unaweza kuchafua bitana ya ndani ikipata unyevu. Zungushia soli tepu na uibane kwa ukucha.

Kuhusu rangi yenyewe, zipo za aina mbili na usizichanganye kichwani. Kuna inayozama ndani ya ngozi, na hiyo inaweza tu kukiongezea kiatu giza: cheupe kinakuwa kahawia, kahawia inakuwa nyeusi, kurudi nyuma hakuna. Na kuna inayokaa juu, ile ya akriliki, ambayo inaweza kugeuza kiatu cheusi kikawa hata chekundu. Kati ya hizo, Angelus ya Marekani ndiyo utakayoisikia sana. Chupa yake ndogo ina kama mililita 30. Rangi ya ukutani si mbadala, wala ile ya kupulizia magari. Ukuta na bodi ya gari havikunjiki, kwa hiyo rangi zake hazikutengenezwa kukunjwa. Mafundi wanaozitumia wanawavunjia watu moyo, na mteja aliyeumia hivyo harudi kwa fundi yeyote wa rangi, wewe ukiwemo.

Paka nyembamba. Mkono wa kwanza utaonekana vibaya, una mistari na chini panaonekana; usiuongezee rangi ili upendeze. Uache ukauke, kama dakika 15 mpaka 20, ndipo upake mwingine ukivuta brashi upande tofauti na wa kwanza. Mikono minne myembamba ina nguvu kuliko miwili minene, kwa sababu tabaka nene hukauka juu huku ndani bado bichi, kisha hupasuka kwenye mkunjo. Kutoka nyeusi kwenda nyekundu au njano, tanguliza nyeupe, la sivyo utamaliza chupa na kiatu bado kina giza.

Hali ya hewa nayo ina sauti katika hili. Moshi mjini, chini kule kwenye joto, rangi inaweza kuanza kukauka kwenye brashi kabla hujamaliza upande mmoja. Chukua kidogokidogo, iongeze matone machache ya maji, na fanya kazi asubuhi. Arusha mwezi wa Juni na Julai ni baridi na mawingu. Dakika 20 hazitoshi. Draya ya nywele inasaidia, ila iwe mbali kama shubiri moja na isitulie mahali pamoja. Popote ulipo, kiatu kibichi kikae ndani. Bodaboda moja ikipita kwenye vumbi umerudi kwenye msasa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni viatu vya harusi. Kamati imeshachagua rangi, mafundi cherehani wameshakata vitambaa, na dada wanne wanaomsindikiza bibi harusi wanakuja na viatu vya rangi nne tofauti wakitaka vifanane na kitenge. Waombe kipande cha kitenge chenyewe, usikubali picha ya simu, kwa sababu kila simu ina rangi zake. Changanya mchana, karibu na mlango, si chini ya taa. Kisha ujue kwamba akriliki ikikauka huongeza giza kidogo: rangi iliyofanana kabisa na kitambaa ikiwa mbichi haitafanana ikikauka. Paka kwenye kipande cha ngozi, subiri kikauke, kiweke juu ya kitenge, ndipo uamue kuongeza nyeupe au la. Changanya ya viatu vyote kwa mara moja na ubakize kidogo kwenye chupa iliyofungwa vizuri, maana mchanganyiko huohuo hutaupata tena, na kuna mmoja lazima atakwaruza kisigino kabla ya ukumbi. Binti akivaa kiatu kilichokaa sawasawa na gauni lake, wakati kile cha dukani kingemgharimu pesa ambayo hana, utaona kwa nini kazi hii inastahili subira yote hii.

Rangi ikishakauka kabisa, inataka kinga ya juu, ya kung'aa au isiyong'aa. Isiyong'aa itikise vizuri na uipake nyembamba, kwani ikizidi huacha ukungu mweupe, na kwenye kiatu cheusi hauwezi kujificha. Kisha toa tepu taratibu, ukiivuta kuelekea chini. Kunja kiatu kwa mikono pale vidole vinapokunjika na uangalie kwenye mwanga. Ukiona mstari mweupe mwembamba, safisha hapo na urudie, usiufiche kwa kiwi.

Mazoezi usifanyie viatu vya watu. Nenda Memorial kule Moshi au Kilombero hapa Arusha, tafuta jozi ya mtumba iliyochakaa ambayo muuzaji anataka tu imtoke, uivue kinga yote mwenyewe. Wengine huomba vipande kwa watengenezaji wa makobazi. Vinafaa kujaribia mchanganyiko wa rangi, lakini visikudanganye: vingi ni ngozi ghafi isiyo na kinga wala kiwi, inakunywa rangi bila shida. Ukifanikiwa hapo umejifunza kupaka, hujajifunza kusafisha.

Desemba utaelemewa. Watu wanapanda kwenda mkoani Kilimanjaro kula Krismasi nyumbani, kila mmoja anataka aingie kijijini na viatu vinavyong'aa, na wote wanakuja wiki moja. Pokea unavyoweza kuvikausha, si unavyoweza kuvipaka. Kiatu kinataka siku nzima kabla ya kuvaliwa, na tatu ni bora zaidi. Mzee akikwambia anasafiri jioni hii, mpe shikamoo yake, msafishie, mpigie kiwi kizuri, na umwombe akuletee tena akirudi Januari.

Bei ipange kwa saa ulizotumia kusafisha, si kwa ukubwa wa chupa. Kiatu cheusi cha kurudishiwa weusi wake na kiatu cheusi cha kugeuzwa kiwe maziwa havilingani hata kidogo, na mteja akionyeshwa zile pamba chafu anaelewa bila maneno mengi. Mwambie kabla hajalipa kwamba rangi imekaa juu ya ngozi, kwa hiyo jiwe linaweza kuikwaruza. Unapomkabidhi, mwelekeze: vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, zile sponji za kung'arisha zisiguse kiatu, krimu isiyo na rangi ianze baada ya wiki mbili. Mwandikie kwenye kikaratasi na ukiweke ndani ya kiatu cha kulia, kwa sababu akifika nyumbani anayesafisha viatu mara nyingi ni mtu mwingine.