Namba moja, wanachama wawili

SWALI: Shikamoo Mama. Natunza programu ya chama chetu cha akiba na mikopo, matawi ya Muheza na Korogwe. Kila tawi lina kanzidata yake ya PostgreSQL, na usiku tunaziunganisha makao makuu. Sasa mwanachama 4121 ni mama lishe wa Muheza, na ni dereva wa Korogwe pia. Makao makuu, rejesho la dereva limeingia kwenye mkopo wa mama. Nimeshauriwa namba za wanachama wa Korogwe zianzie 100,000. Itatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, leo hii acheni kuidhinisha mkopo wowote kwa kutazama taarifa za makao makuu. Yule mama anaweza kupewa au kunyimwa kwa hesabu isiyo yake.

Hiyo 100,000 itakusaidia mpaka tawi la tatu. Baada ya hapo utagawa mafungu tena, na atakayepokea kazi yako hataijua mipaka yenu.

Shida ni kwamba namba moja mmeipa kazi mbili: inasomwa na mwanachama kwenye kitabu chake, na inaunganisha majedwali ndani. Ya kitabuni iacheni. Mkiichapisha, itangulizeni herufi za tawi. Ya ndani iwe UUID, kitambulisho cha biti 128 ambacho kila tawi hujitengenezea bila kuulizana na lingine, hata intaneti ikikatika.

Chagua toleo la 7, lililosanifishwa 2024. Biti zake 48 za mwanzo hubeba wakati kwa milisekunde, hivyo rekodi mpya hupangwa mwishoni mwa faharasa, yaani orodha ya kutafutia rekodi haraka. Za toleo la 4 ni za kubahatisha, hutawanyika kila mahali, na jedwali likikua uandishi huwa mzito. PostgreSQL 18 ina amri ya kuitengeneza, uuidv7(), tayari. Kama PostgreSQL yenu ni ya zamani, UUID itengenezwe na programu yenu. Safu (kolamu) ya kuihifadhi kwenye jedwali iwe ya aina ya uuid, baiti 16. Watu wengi huihifadhi kama maandishi ya herufi 36, na hilo silipendi kabisa.

Chukua bakapu, kisha fanya kazi kwenye kanzidata za matawi, maana humo 4121 bado ni mtu mmoja. Ongeza safu mpya kwa wanachama, ijaze, halafu ipeleke kwenye mikopo, akiba na marejesho kwa kufuata namba ya zamani. Jumla za kila mwanachama zikilingana na za awali, ndipo ubadilishe ufunguo msingi, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, uwe hiyo mpya. Kanzidata ya makao makuu usiitie viraka. Ijenge upya kutoka za matawi.