Kipimo bima inalipa, mashine je? Maswali yenu ya masikio na bima huku Marekani

Haya jamani. Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya bima na masikio, nikapata meseji nyingi kuliko hata ile mada ya kodi, kumbe nyumba nyingi huku kuna mzee anapandisha sauti ya tivii mpaka jirani anajua taarifa ya habari imefika wapi. Mnaonijua mnajua mimi sio daktari, ni mkalimani wa hospitali, mwaka wa 9 huu nakaa katikati ya mgonjwa na mtu wa bili, kwa hiyo ya pale kaunta nayajua kuliko ya ndani ya sikio. Nimechagua maswali 7, mengine nimeyafupisha.

Shangazi shikamoo. Nataka mume wangu apimwe masikio, nimtafute nani? Nikigugo naona ENT, naona audiolojisti, naona na duka linasema kipimo bure. (Mama Amani, Columbus)

Marahaba mama. Hao ni watu watatu tofauti. Daktari wa ENT, yaani masikio, pua na koo, ndo anayetibu: usaha, maumivu, kizunguzungu, upasuaji. Audiolojisti ndo mpimaji, kasoma digrii ya kwanza halafu kama miaka 4 mingine ya usikivu, utaona herufi Au.D. baada ya jina lake, yeye anapima, anachagua mashine ya kusikia na kuiseti (Tanzania kwenye vitabu wanaita shimesikio, mtaani sijamsikia mtu akisema hivo, kwa hiyo humu nasema mashine). Yule wa dukani mara nyingi ana leseni ya kuuza na kuseti mashine tu. Sio mtu mbaya, wengine ni wazuri sana, ila kipimo chake cha bure ni cha kuuzia, kinaangalia kama wewe ni mteja, hakiangalii kwa nini husikii.

Usianze na Gugo, anza na kadi ya bima, geuza nyuma kuna namba ya simu. Wakupe majina ya maaudiolojisti walioko kwenye netiweki, yaani waliokubaliana na bima hiyo, karibu na zip kodi yako (namba ya posta ya unapokaa), ukishapata usishangilie, pigia na kliniki yenyewe uulize "mnapokea plani hii?" na uwasomee jina la plani neno kwa neno maana ile orodha ya bima imejaa watu waliohama na waliostaafu. Hapohapo omba namba za bili (wanaita code) za vipimo atakavyofanyiwa. Kipimo kamili cha usikivu kwa kawaida ni 92557, kile cha kupuliza hewa kuangalia kiwambo cha sikio ni 92567. Rudi kwa bima uwasomee hizo namba, uliza kama inahitajika rufaa ya daktari wa kawaida na wewe utatoa shilingi ngapi, andika jina la uliyeongea naye, tarehe, na namba ya kumbukumbu wanayokupa ya hayo mazungumzo. Najua inachosha. Bili ya dola 400 iliyokuja baada ya miezi mitatu inachosha zaidi, niliwahi kuipata mimi mwenyewe na sikuwa nimeandika chochote.

Baba yangu ako na miaka 68, ako na Medicare. Tulienda kliniki wakasema kipimo kitalipiwa lakini mashine ni dola 4,800 na Medicare hailipi hata senti. Huyo si anatupiga? (Kip, Dallas)

Kip, hakupigi. Medicare ya kawaida, ile bima ya wazee ya serikali moja kwa moja, sheria yake tangu 1965 inakataza kulipia mashine za kusikia, na hata kile kipimo cha kuziseti haikilipi. Inacholipa ni kipimo cha kutafuta ugonjwa, Part B, sehemu yake ya madaktari na vipimo, inatoa 80% na baba anatoa 20% akishamaliza kile kiasi cha mwanzo cha mwaka anacholipa mwenyewe. Zamani lazima daktari aandike, tangu 2023 anaweza kwenda mwenyewe kwa audiolojisti mara moja kila miezi 12 bila karatasi ya daktari, mradi ni tatizo la siku nyingi na sio la ghafla. Kizunguzungu hakimo humo, hicho bado kinataka daktari. Na la ajabu sasa, ule upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio kwa asiyesikia kabisa, wa gharama kubwa mara nyingi zaidi, huo Medicare inalipia kwa wanaokidhi vigezo. Mashine ndogo ya nyuma ya sikio hailipi. Nimeshatafsiri sentensi hiyo kwa wazee wengi na kila mara wananiangalia kama mimi ndo nimekosea Kiingereza.

Sasa angalia kadi ya baba vizuri. Kama ni ile ya kampuni binafsi, wanaita Medicare Advantage, nyingi zina hela ya mashine, na hapa ndo watu wanapigwa kweli bila mtu kuwapiga: hiyo hela mara nyingi haipiti kwa bima yenyewe, inapita kwa kampuni ya tatu ya mambo ya masikio tu, kama TruHearing au Amplifon, na lazima uanze kwa kuwapigia wao wakupe kliniki yao. Ukienda kwa audiolojisti unayempenda hata kama yuko kwenye netiweki ya bima, kipimo kinalipwa, mashine inakataliwa. Kwa hiyo uliza maswali mawili tofauti siku zote, kipimo nakipata kwa nani na mashine naipata kwa nani.

Kama ana Medicaid pia, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, uliza jimboni, kwa watu wazima kila jimbo lina lake. Na hiyo 4,800 waambie wakuandikie mchanganuo, kliniki nyingi zinafunga pamoja mashine, kuseti na ziara za miaka kadhaa kwenye bei moja. Kwenye maduka makubwa ya Costco jozi inauzwa kwenye dola 1,500 hadi 1,600 hivi, nenda nayo hiyo kichwani ukae nao mezani. Halafu uliza siku za majaribio na mkirudisha wanakata ngapi.

Bibi yetu ana miaka 74, alitoka Uvira. Ripoti inasema sauti anasikia kiasi lakini "uelewa wa maneno" ni mbaya sana na mashine huenda isimsaidie. Nyumbani tukiongea polepole anaelewa kila kitu. Mnasemaje? (Mjukuu, Phoenix)

Hili swali nimelisubiri miaka. Mjukuu, walimpima kwa maneno ya lugha gani?

Nikueleze kinachofanyika mle ndani ya kile chumba kidogo. Kwanza ni zile mlio, piii, piii, ananyanyua mkono au anabonyeza kitufe, hiyo haina lugha, mtu yeyote anapimika. Halafu inakuja sehemu ya maneno, mgonjwa anasikilizishwa neno arudie, na yale maneno ni ya Kiingereza, mengine yamerekodiwa kabisa: "baseball", "hotdog", "cowboy", "sidewalk". Bibi wa Uvira hajawahi kuona cowboy wala sidewalk. Mtu anayejua lugha hata akisikia nusu ya neno anajazia mwenyewe, asiyeijua hana cha kujazia, anasikia "bezbo" anarudia "bezbo", anaandikiwa kakosa. Niliwahi kukaa na mama mmoja akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu huyu anatukana au? Alama zake zilikuwa mbaya. Masikio hayakuwa mabaya kiasi hicho.

Sasa piga simu, uliza kwenye ripoti kama imeandikwa kwamba Kiingereza sio lugha yake na kama kulikuwa na mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea hela ya serikali kuu, na Medicaid ni hela ya serikali kuu, zinatakiwa kisheria kuleta mkalimani bila kukutoza, na sio wewe mjukuu ukae hapo kutafsiri. Mkipanga apointimenti semeni Kiswahili cha Kongo, msiseme Kiswahili tu, maana mkalimani wa simu wa Mombasa na bibi wa Uvira wataelewana nusu na wote watakuwa na adabu sana wasiseme. Halafu mwombe audiolojisti aangalie hayo matokeo ya maneno kwa tahadhari, wengi wakiambiwa wanaelewa haraka. Wanaweza kutumia namba badala ya maneno, bibi akihesabiwa moja mbili tatu kwa sauti ndogo anarudia. Na kabla ya kukubali kwamba mashine haitasaidia aivae kwanza siku kadhaa nyumbani, mwongee naye kwa lugha yake.

Jambo ndugu. Mi niko Kentucky, natumika ku kampuni ya nyama tangu myaka tatu. Mashini ziko na makelele mingi, sasa usiku masikiyo inalia nziii. Bosi anasema niende kwa munganga na asiransi yangu mwenyewe. Ni vile? (Papa Espoir)

Hapana Papa, sio vile. Kiwanda kikiwa na kelele wastani wa desibeli 85 au zaidi kwa zamu ya saa 8, sheria ya OSHA, ofisi ya serikali ya usalama kazini, inamtaka mwajiri akupe vizuia kelele bila kukukata, akupime masikio ndani ya miezi 6 ya kwanza (mwaka mmoja kama wapimaji wanakuja na gari) halafu kila mwaka, yote kwa hela yake. Kile kipimo cha kwanza unatakiwa uwe umekaa saa 14 nje ya kelele za kazini, au uwe umevaa vizuia kelele, kwa hiyo waliokutoa kwenye mashine za kiwanda bila vizuia kelele wakakupima hapohapo walikosea. Na usikivu ukishuka kwa kiwango kilichowekwa kwenye sheria wanatakiwa wakuambie kwa maandishi ndani ya siku 21.

Omba ofisini nakala ya vipimo vyako vyote, ni haki yako kuviona, omba kwa maandishi hata kwa meseji. Kisha ukienda kwa daktari sema ni kelele ya kazini. Usiseme "masikio tu yananisumbua", maana likiandikwa ni la kazini linaweza kuingia kwenye bima ya kuumia kazini, na kule mashine zinaweza kulipwa. Kila jimbo lina siku zake za kudai, zikipita zimepita, usikae. Kukufukuza kwa sababu umelalamikia usalama ni kosa, ingawa najua hilo kulisema ni rahisi kuliko kuliishi mtu akiwa na watoto watano na kodi ya nyumba.

Mtoto wetu wa wiki 3 alifeli kipimo cha masikio hospitali. Mama mkwe anasema tusubiri, watoto wote hawasikii vizuri mwanzoni. (Baba Jayden, Minnesota)

Mama mkwe mheshimu, lakini msisubiri. Wengi wanaofeli mara ya kwanza ni uchafu wa uzazi tu umebaki sikioni, ila kwenye kila watoto 1,000 kuna mmoja mpaka watatu ambao kweli hawasikii, na huwezi kuwajua kwa kupiga makofi. Huku hesabu yao ni 1, 3, 6: kipimo cha kwanza ndani ya mwezi 1, jibu kamili ndani ya miezi 3, msaada uanze ndani ya miezi 6. Tafuteni audiolojisti wa watoto, sio yeyote. Kipimo chenyewe mtoto anatakiwa alale, kwa hiyo njiani msimwache asinzie, mama amnyonyeshe mkishafika. Akiwa na Medicaid, chini ya miaka 21 wanatakiwa kumlipia mashine kama anazihitaji, hapo ule ubishi wa Kip haupo.

Nimeona mashine zinauzwa onlaini bila daktari, dola 300. Ni feki? (Salma, Maryland)

Sio lazima. Tangu Oktoba 2022 inaruhusiwa kuuza bila cheti cha daktari mashine za watu wazima, miaka 18 kwenda juu, wenye upungufu mdogo mpaka wa kati. Hata zile AirPods Pro 2, vile visikilizio vya Apple, zilipata kibali cha kazi hiyo 2024. Kama unasikia vizuri chumbani ila kwenye harusi unapotea, jaribu. Angalia kwanza kama zinarudishwa. Nyingine zinazouzwa ni vikuza sauti tu, zinapandisha kelele zote pamoja, hizo sizipendi.

Ila sikio moja likizima ghafla, leo unasikia kesho husikii, usinunue kitu na usiweke matone, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Kuna dawa, na zinafanya kazi zikianza mapema.

Mama yangu amekuja kutembea kwa viza, anaondoka mwezi wa 8. Nimpime huku? (Rehema, Houston)

Kipimo mpime ukiwa na hela ya mfukoni, bima ya safari haitakigusa. Mashine nunua ukiwa na uhakika kule kwao kuna mtu wa kuiseti na betri zinapatikana, la sivyo itakaa kwenye droo na miwani za zamani. Na kama kazini kwako una akaunti ya HSA au FSA, zile za kuwekea hela ya matibabu isiyokatwa kodi, mashine na betri zinaruhusiwa, lakini kwa wewe na wanaokutegemea kwenye kodi, mama wa viza kwa kawaida hamo.