Nyota ya kaskazini haionekani Unguja, jiulize kwa nini

Sheikh wangu, umesema dunia ni bapa kama sinia na kwamba habari ya duara ni uzushi wa Wazungu. Hilo la Wazungu ndilo lililoniuma zaidi. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, alipima nusukipenyo cha dunia karne ya 11 kwa urefu wa mlima na pembe ya upeo wa macho tu, na jibu lake likakaribia sana kilomita 6,371 tunazozijua leo. Urithi huo ni wetu, tusiugawe bure.

Halafu mabaharia. Ahmad ibn Majid na wenzake wa karne ya 15 walijua walipofika kwa kupima kimo cha nyota ya kaskazini. Jahazi likiteremka na kaskazi kutoka Oman, nyota ile hushuka usiku hadi usiku, na ukifika huku kwetu, digrii 6 kusini ya ikweta, huioni kabisa. Juu ya sinia ingeinama kidogo, lakini isingezama.

Nenda Forodhani alasiri, mbingu ikiwa safi, ulitazame jahazi linalokwenda zake Bagamoyo. Mwili wa chombo hutangulia kupotea, tanga likabaki peke yake juu ya maji, kisha nalo likafuata. Chukua hata darubini, ule mwili haurudi.

Hizo video za dunia bapa unazotazama zinakufundisha kuwa kila ushahidi ni njama, kwa hiyo ziweke kando kwanza. Nieleze nyota ile imekwenda wapi, nami nitakusoma neno kwa neno.