Jibu: Laki nane hazitoshi kuacha kazi

Kaka, umeuliza kama laki nane ulizoweka zatosha uage ofisi ya klaringi, maana kazi haina ladha tena. Hamu yako naielewa. Nimevuka feri ya Likoni kila alfajiri miaka tisa, nikienda kujaza fomu nisizozijali.

Ile kanuni ya asilimia 4 unayoitaja, yaani mstaafu atoe asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha aongeze kadiri bei zinavyopanda, ni ya mshauri wa fedha William Bengen, mwaka 1994, kwa takwimu za Marekani. Yataka akiba mara 25 ya matumizi ya mwaka. Wewe unatumia 60,000 kwa mwezi, kwa hivyo ni milioni 18! Laki nane zitakushika miezi 13 tu, na hapo hakuna aliyeugua.

Mimi nilianza na duka la vipuri vya tuktuk, mdogo wangu akikaa kaunta. Lilipolipa kodi ya nyumba miezi sita mfululizo, nikaandika barua ya kuacha kazi.

Lakini kwanza, mkopo wa SACCO. Umalize ukiwa bado na mshahara. Ukikwama watakatwa wadhamini wako, na hao ndio mnaokutana nao msikitini kila Ijumaa (yalinikuta, aibu tupu). Unadaiwa kiasi gani?