Umeshabatizwa, sasa nini? Majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanatoka kwa waliobatizwa juzijuzi. Nimechukua haya sita.

Nilibatizwa ila nimerudia dhambi ile ile ya zamani. Nibatizwe tena?

Hapana. Hili swali nalijibu kila mara jamani, muwe mnasoma majibu yaliyopita kwanza. Petro alimkana Bwana mara tatu, na kwenye Yohana 21 Yesu hakumrudisha majini, alimuuliza mara tatu kama anampenda halafu akampa kazi ya kulisha kondoo. Tubu, 1 Yohana 1:9 ipo kwa ajili yako, tukiziungama dhambi zetu Mungu anatusamehe, kisha tafuta mtu aliyekomaa kiimani umwambie ukweli wote, maana ukiificha itarudi tu.

Tangu nibatizwe majaribu ndo yamezidi, nyumbani vita kazini vita. Nilikosea wapi?

Hujakosea. Soma Marko 1, Yesu katoka tu majini Roho akamtoa kwenda nyikani, siku 40 anajaribiwa na Shetani. Waliokuahidi kwamba ukibatizwa shida zinaisha ndio waliokukosea. Ila si kila vita ni ya Shetani, nyingine tunazianzisha wenyewe, mtu kabatizwa Jumapili, Jumatatu anawaambia ndugu zake wote ni wapagani, sasa hapo unategemea amani itoke wapi?

Nina miezi mitatu tangu nibatizwe, nasikia wito wa kuhubiri lakini mchungaji ananibania madhabahu. Nifanyeje?

Mshukuru mchungaji wako. 1 Timotheo 3:6 inasema msimamizi asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna, na mashemasi nao aya ya 10 inataka wajaribiwe kwanza. Utaniambia mbona Paulo alianza kumhubiri Yesu Dameski siku chache tu baada ya kubatizwa, ni kweli, na wewe kushuhudia anza leo hakuna anayekuzuia, lakini kushuhudia na kushika uongozi ni vitu viwili tofauti. Apolo alikuwa msemaji hodari na Maandiko anayajua, ila alijua ubatizo wa Yohana Mbatizaji tu, Prisila na Akila wakamchukua wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na akakubali kufundishwa.

Halafu nikuulize, viti kanisani nani anapanga? Wagonjwa nani anawatembelea? Stefano mnayemsifia kwa hotuba yake ya Matendo 7, sura ya 6 alichaguliwa kuhudumu mezani, wajane wasisahaulike. Dorkasi hatuna hata neno moja alilohubiri, alishona nguo, na alipofariki wajane walisimama wanalia wanamwonyesha Petro zile nguo. Siku hizi mtu hajamaliza hata Injili moja kashafungua laivu anatabiria watu, inaniuma sana, maana wanaopotea ni wanaomsikiliza.

Na wachungaji nanyi, mkimzuia mtu basi mfundisheni! Mathayo 28 haiishii kwenye kubatiza, inaendelea na kuwafundisha kuyashika yote. Mnapiga picha siku ya ubatizo mnahesabu idadi, mwezi ukiisha hata majina yao hamyajui. Pentekoste waliongezeka watu kama 3000 na aya inayofuata, Matendo 2:42, wanadumu katika mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Nyie aya hiyo mnairuka.

Nasikiliza mahubiri kwenye simu kila siku, bado ni lazima niende kanisani?

Ndiyo, Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja. Simu haitagundua kwamba wiki ya pili hii hujaonekana.

Nilianza kusoma Mwanzo nikakwama Walawi. Nisome nini?

Anza na Marko, ni sura 16 tu, ukimaliza nenda Matendo. Walawi utairudia baadaye, usiitupe. Na soma na mtu, yule towashi Mwethiopia alikuwa anasoma kitabu cha Isaya kabisa na bado alimwambia Filipo ataelewaje asipoongozwa.

Kuna mtumishi kaniambia nitume sadaka ya mbegu (pesa unayotoa ukitegemea kuvuna baraka) ndio aniombee nipokee Roho Mtakatifu. Nitume?

Usitume hata senti! Simoni mchawi, aliyekuwa amebatizwa kama wewe, alitaka kutoa fedha apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, soma Petro alivyomjibu Matendo 8:20. Mblok huyo mtu leo na uwaambie wazee wa kanisa lako, maana meseji kama hiyo hajakutumia wewe peke yako.