Kwa anayeanza zumari la mfuko: mafunzo kutoka kwa Donald MacDonald wa Skye

Mtu anayeanza kujifunza zumari la mfuko la Uskoti kwa kawaida hufundishwa vidole tu, na habari za mbao, tete (vipande vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti) na nyuzi za kukazia viungio huambiwa kuwa ni shughuli ya fundi. Sikubaliani na utaratibu huo, na wanafunzi wanaponibishia huwatajia Donald MacDonald, mzaliwa wa kisiwa cha Skye aliyefanya kazi Edinburgh hadi alipofariki mwaka 1840, ambaye alikuwa mpigaji na mtengenezaji wa mazumari kwa wakati mmoja.

Karibu na mwaka 1820 alichapisha mkusanyo mkubwa wa kwanza wa pibroch ulioandikwa kwa nota za kawaida. Pibroch ni muziki mrefu wa taratibu, unaoanza na wimbo wa msingi kisha ukaongezewa mapambo hatua kwa hatua hadi vidole vinakimbia, na hatimaye msingi ule hurudiwa. Kabla ya hapo wapigaji walirithishana nyimbo hizi kwa kinywa: mwalimu aliimba silabi maalumu, kila silabi ikiwa na sauti na pambo lake, na mwanafunzi akafuatisha mpaka zikamkaa kichwani. Kwa hiyo, ukifungua kitabu cha MacDonald, kumbuka kwamba unasoma kazi ya mtu aliyejaribu kuikamata kwenye karatasi sanaa ya sikio. Urefu wa sauti ulioandikwa hautoshi kukuongoza. Imba kwanza, kisha linganisha maandishi yake na yale ya Angus MacKay wa Raasay yaliyotoka mwaka 1838, ambayo yalikuja kuwa na uzito mkubwa zaidi katika mashindano. Binafsi naona ni hasara kwa mwanafunzi kulijua toleo moja tu na kuyahesabu mengine kuwa makosa.

Anza na bomba la mazoezi, lisilo na mfuko. Zumari lina sauti 9 tu na mlio wake haukatiki, hivyo huwezi kutenganisha sauti mbili zinazofanana kwa kunyamaza baina yake. Vidole ndivyo vinavyozitenganisha kwa mapambo mafupi mno. Mapambo hayo yakianza vibaya, kuyanyoosha baadaye ni kazi ngumu sana.

Ukihamia kwenye mfuko, jifunze kulilinganisha zumari mwenyewe. Mabomba ya mvumo, yaani yale yanayotoa sauti moja isiyobadilika, ni matatu, mawili ya sauti ya kati na moja nene, na kila moja lina kiungio kinachoteleza. Ziba mengine yote, achia bomba moja livume pamoja na bomba la vidole, lile linalopigiwa wimbo, kisha sogeza kiungio polepole. Utasikia mtetemo wa haraka, halafu wa taratibu, halafu hakuna, na hapo sauti zimelingana. Mkono wako ukibana mfuko kwa nguvu isiyo sawa, mtetemo unarudi papo hapo, na hapo usiilaumu mbao. Kiungio kikilegea, ongeza uzi wa katani uliopakwa nta, mizunguko michache tu, kwa sababu ukizidisha utalipasua bomba.

Wanaotaka kuingia kwenye utengenezaji wajue kuwa kwa muda mrefu sasa mbao inayopendelewa ni mpingo, ambao hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake wenyewe, na hukubali tundu laini lenye kingo kali. Tundu la mabomba ya mvumo huchimbwa moja kwa moja, lakini la bomba la vidole hupanuka kuelekea chini, na kosa dogo ndani yake huipotosha sauti hata kama kwa nje kazi inang'aa. Usikimbilie kumaliza: gogo hukatwa, hutobolewa kwanza tundu dogo, kisha huachwa likauke kwa miaka. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ivaliwe kabla mashine ya kukerezea haijawashwa.