Farasi kawa mkali tangu aanze mahindi
Shekhe wangu, umeuliza kwa nini farasi wako wa Nungwi anang'ata na kurusha mateke tangu uanze kumpa mahindi asubuhi na jioni. Jibu limo humo humo ndooni. Mahindi yana wanga mwingi. Mnyama anayebeba watalii nusu saa tu ufukweni, nguvu zote hizo azipeleke wapi?

Kubwa zaidi, tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, hata likiwa tupu. Likikaa tupu usiku kucha, vidonda havichelewi. Mtazame unapokaza mkanda wa tandiko: akigeuza shingo na kulaza masikio, huenda anaumwa, si jeuri.

Majani makavu yasimkatikie, kilo 6 hadi 8 kwa siku kama ana kilo 400. Mahindi yapunguze kidogo kidogo, siku 10 hivi. Na daktari wa mifugo amwone.